Shuka Jeupe, Joho Jeusi

Jumatatu, saa nne na dakika kumi asubuhi, mbele ya mashahidi wasiopungua thelathini, Wakili alijulishwa rasmi kwamba hana uso.

Taarifa hiyo nzito ilitolewa na ubao wa matangazo wa ukumbini. Kati ya ratiba ya zamu za kufagia na onyo la tangu mwaka juzi kuhusu kutupa maganda chooni, zilikuwa zimebandikwa picha mia na nne za wasichana wa kidato cha mwisho, kwa ajili ya kadi za mtihani. Picha tisini na nane zilikuwa na watu. Sita zilikuwa na kola.

"Wakili, njoo ujione!" aliita Karanga, rafiki yake wa kitanda cha juu. "Umetoka vizuri mno. Kola imenyooka."

Wakili alipenya mpaka mbele. Juu ya namba yake ya mtihani paling'aa kola nyeupe. Juu ya kola palikuwa na giza totoro. Katikati ya giza, meno manne yalikuwa yametulia kama wapangaji wasiodaiwa kodi.

"Mimi niko wapi hapa?"

"Upo. Umejificha nyuma ya meno."

Ukumbi ukapasuka kwa kicheko. Kwa kawaida Wakili angekuwa wa kwanza kucheka, maana nusu ya mizaha ya bweni lile aliiasisi yeye. Jina lenyewe alilipata kidato cha kwanza, alipokamatwa kwa kuchelewa, akathibitisha kwa hoja saba kwamba kengele ndiyo iliyowahi, na kiranja akaishia kumwomba radhi. Lakini chini ya picha ile palikuwa na maandishi ya wino mwekundu: SURA HAIONEKANI. IRUDIWE. FOMU ZINAONDOKA IJUMAA SAA MBILI.

Hapo kicheko kilimkauka. Bila picha hakuna kadi. Bila kadi, mlango wa chumba cha mtihani haufunguki. Na mlango usipofunguka, miaka minne ya kuamka saa kumi na moja na kuoga maji ya baridi inakuwa imeliwa na mchwa.

Mpiga picha wa shule aliitwa Bwana Otomatiki. Wazazi wake walimpa jina jingine, lakini yeye mwenyewe hakuwapa watu nafasi ya kulijua, kwa jinsi alivyolitaja neno otomatiki kila dakika. Kamera yake ilikuwa otomatiki, saa yake otomatiki, na inasemekana hata kazi yake aliipata kiotomatiki, kwa kuwa alikuwa amemwoa binti wa Mkuu wa shule.

Naye mama mkwe huyo, Mkuu wa shule, alikuwa na mapenzi makubwa mawili: joho lake jeusi la mahafali, na ukuta mweupe wa jengo la utawala, uliopakwa rangi upya wakati wa likizo. Ukuta ule ulitunzwa kuliko wanafunzi. Kuuegemea ilikuwa kosa. Kuukoholea karibu, onyo. Ilipofika siku ya picha, Mkuu aliagiza kila msichana apigwe picha mbele ya ukuta huo, saa nane mchana, jua likiupiga barabara, ili wakubwa wa mitihani waione rangi.

Jumanne wale sita waliitwa kurudia. Wakili akasimama wa kwanza, hatua moja kutoka kwenye ukuta mtakatifu.

"Kaka, safari hii nipime vizuri," alisema.

"Hii inajipimia yenyewe, binti. Ni otomatiki."

"Basi ilinipima vibaya yenyewe."

Bwana Otomatiki alitabasamu kama mtu mwenye vyeti. "Haya. Kwa heshima yako nitaitoa kwenye otomatiki, nikuongezee kwa mkono." Akazungusha gurudumu dogo, akalisoma kwa sauti ili kila mtu anufaike. "Ilikuwa kwenye nane. Naiweka kumi na sita. Mara mbili nzima! Usije ukalalamika tena."

Kamera ikalia. Wote wakaikimbilia skrini.

Safari hii hata meno yalikuwa yamehama. Kola yenyewe ilififia kama imefuliwa kwa matope.

"Mmeona?" alisema Bwana Otomatiki, na akashusha pumzi kwa upole wa daktari anayetoa habari mbaya. "Nimeongeza mwanga mara mbili, na bado. Kwa hiyo tatizo si mashine. Ngozi yako inakula mwanga."

"Inafanya nini?"

"Inaula. Inaumeza. Usikasirike, si kosa lako. Wewe ni mweusi mno kwa kamera, basi."

Kuna matusi yanayokuja na ngumi, na hayo Wakili aliyajua na kuyajibu. Hili lilikuja na huruma, na huruma ile ndiyo iliyomchoma. Uso wake ulikuwa uso wa mama yake, na kabla yake wa mama wa mama yake. Ulikuwa umevuka vizazi vitatu bila kumwomba mtu radhi, na leo unapewa pole na kijana wa gurudumu.

Kabla hajafungua kinywa, Mkuu wa shule alitokea. Alisikiliza upande mmoja wa kesi, upande wa mkwe, akatoa hukumu palepale.

"Hawa sita wapakwe poda nyeupe. Keshokutwa, Alhamisi, saa nane na nusu, hapahapa."

"Mwalimu," alisema Wakili, "siku ya mtihani msimamizi ataangalia kadi, halafu ataniangalia mimi. Nije nimepakwa poda pia?"

"Usinianzie hoja."

"Na nikitoka jasho katikati ya hesabu? Nusu ya uso itafanya mtihani, nusu itafukuzwa?"

"Wewe binti!" Mkuu aliinua kidole. "Asiyepakwa hapigwi picha. Asiyepigwa picha hafanyi mtihani. Mjadala umefungwa."

Wenzake watano waliinamisha vichwa. Mmoja alinong'ona kwamba poda si sumu, inaoshwa tu. Kwa Wakili, hilo lilikuwa baya kuliko yote: kwamba kufikia jioni watu watano wenye akili timamu walikuwa wameshaanza kuona aibu kwa kosa ambalo hawakulitenda.

*

Jumatano ilikuwa zamu ya Wakili kubeba mashuka ya bweni kwenda chumba cha pasi. Aliingia amebeba rundo linalomfika kidevuni na uso uliokunjamana kuliko mashuka yenyewe.

Chumba kile kilitawaliwa na Mama Pasi, mjane mnene asiyecheka ovyo, aliyeweza kutambua kwa harufu ni kwenye kitanda gani mtu alilia usiku.

"Shikamoo, Mama Pasi."

"Marahaba. Nani kakukanyaga?"

Wakili alimweleza, kuanzia kola mpaka poda. Mama Pasi alisikiliza huku pasi ikienda na kurudi. Wakili alipofika kwenye ngozi inayokula mwanga, pasi ilisimama hewani.

"Rudia."

"Eti ngozi yangu inameza mwanga."

"Ukuta gani ulikuwa nyuma yako?"

"Ule mweupe."

"Na gurudumu alilitoa wapi akalipeleka wapi?"

"Kutoka nane kwenda kumi na sita. Eti ananiongezea."

"Salaale!" Pasi ilitua kwenye kibao chake kwa kishindo. "Funga mlango. Mimi na marehemu mume wangu tulikuwa na studio ya picha miaka ishirini na sita. Yeye mbele na kamera, mimi nyuma kwenye chumba cha giza, nasafisha filamu. Mji mzima ulipita pale, weusi kwa weupe, maharusi, walinzi, watoto wachanga. Hakuna hata mmoja aliyeondoka bila uso. Hata mmoja!"

Alivuta kopo la biskuti kutoka chini ya kabati. Ndani mlikuwa na vibati vitano, vimekatwa kutoka kwenye makopo ya maziwa ya unga. Bado maandishi ya bluu yalionekana upande wa nyuma. Kila kibati kilikuwa na tundu la duara katikati, na kila tundu lilikuwa dogo kuliko la mwenzake.

"Kamera yetu ya kwanza ilikuwa sanduku," alisema. "Mume wangu aliirithi kwa bwana wake. Lenzi yake ya shaba ilikuwa na ufa kwa juu, unachomeka kibati. Vibati vya asili vilipotea, akajikatia vyake. Hebu niambie, kibati kazi yake nini?"

"Kupitisha mwanga?"

"Tundu ndilo linapitisha. Kibati kinazuia." Akakiegesha cha kwanza kwenye upenyo wa dirisha, na duara la jua likaanguka juu ya shuka. Akaweka cha pili, duara likapungua. "Ndiyo maana wenye kamera za zamani walikipa jina la kwao lenye maana ya kizuizi. Stopu. Leo vibati hakuna, kuna vipande vinavyojifungua na kujifunga humo ndani, lakini jina limebaki. Si tunasema saa imegonga? Nyundo iko wapi?"

Wakili alisahau kukasirika kwa muda wa dakika nzima, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu Jumatatu.

"Sasa sikiliza. Kila kibati kinapitisha nusu ya mwanga wa kilichotangulia. Ukitoka hiki kwenda hiki, umefunga stopu moja: nusu. Ukirudi, umefungua stopu moja: mara mbili. Wakaizoea hesabu hiyo mpaka wakaipeleka kwenye muda. Ukiacha mlango wa kamera wazi kwa nusu ya muda wa kwanza, nayo wanaiita stopu moja."

Wakili alikuwa amevipanga vibati mezani. Kwenye kila kimoja palikuwa na namba iliyochorwa kwa msumari. Kikubwa kiliandikwa nne. Kikafuata tano na nukta sita, nane, kumi na moja. Kilichokuwa na tundu dogo kuliko vyote, dogo kama punje ya mtama, kiliandikwa kumi na sita.

"Mama Pasi, hii imekosewa. Namba kubwa ina tundu dogo."

"Haijakosewa. Namba ile ni ya kugawia. Chukua urefu wa kutoka kwenye lenzi mpaka pale picha inapotua, ugawe kwa nane: huo ndio upana wa tundu. Ugawe kwa kumi na sita, unapata nini? Mkate mmoja, watu nane. Mkate uleule, watu kumi na sita. Nani kala?"

Katika bweni la watu sitini hesabu hiyo haihitaji mwalimu. Wakili alisimama polepole.

"Kwa hiyo aliponiongezea..."

"Alikupunguzia. Nane mpaka kumi na moja, kumi na moja mpaka kumi na sita: stopu mbili. Nusu ya nusu! Kakuachia robo ya mwanga, halafu kaisingizia ngozi."

"Na Jumatatu, ilipokuwa inajipimia?"

"Hapo mwizi ni ukuta." Mama Pasi alishika kiuno. "Kipimo kilichomo kwenye kamera hakijui mtu, hakijui ukuta. Waliokitengeneza walikifundisha rangi moja tu: jivu. Kila unachokiwekea mbele, kinaamini ni jivu. Kikiona ukuta unamemetuka kwa jua, kinasema, loo, mwanga umezidi, tupunguze mpaka uwe jivu. Ukuta unashushwa, na wewe uliyesimama mbele yake unashushwa nao. Mwenye ngozi nyepesi anabakiwa na kitu; wewe unazama."

"Kwa kosa la ukuta?"

"Kwa kosa la ukuta."

Wakili alizunguka meza mara mbili. Miaka minne alikuwa ametetea wezi wa sukari, watoro na wachora masharubu kwenye picha za viongozi wa shule, wote wakiwa na hatia tele. Leo, kwa mara ya kwanza, alikuwa na mteja asiye na doa: ngozi yake mwenyewe.

"Sisi studio tulisema kuanika," Mama Pasi aliendelea, na sasa alikuwa anapiga pasi kwa hasira, foronya ikitoa moshi. "Filamu unaianika kwenye mwanga kama nguo kambani. Ukiiwahi, mbichi, giza tupu. Ukiisahau, inapauka. Sasa nguo ikirudi mbichi, unailaumu nguo? Si unamlaumu aliyeianua? Nenda ukamwambie afungue stopu mbili kutoka nane!"

"Hatanisikia. Ni mkwe. Na Mkuu hatanisikia mimi kwa sababu keshasikia kamera." Macho ya Wakili yalikuwa yametua nyuma ya mlango, ambako joho jeusi la Mkuu wa shule lilining'inia, limepigwa pasi tayari kwa mahafali. Kisha yakarudi kwenye rundo la mashuka. "Mama Pasi, joho hili linafuatwa lini?"

"Kesho saa nane."

"Naomba nilipeleke mimi. Na shuka moja jeupe."

Mama Pasi alichagua shuka, akalikagua pande zote mbili.

"Likikunjika," alisema, "nitakukunja wewe."

*

Alhamisi saa nane na nusu poda ilikuwa tayari. Kopo lilikuwa la poda ya watoto wachanga, lenye picha ya mtoto anayecheka, na msichana wa kwanza kwenye foleni alikuwa ameshapakwa. Alifanana na mtu aliyetolewa kwenye gunia la unga. Karanga, aliyekuja kwa hiari kutoa msaada wa kimawazo, alimtazama akasema, "Pole na msiba," na hata mwenyewe hakucheka.

Mkuu wa shule alikuwepo kusimamia. Wakili alifika amebeba joho kwenye mikono miwili, kama mtu anayebeba bendera ya taifa, na shuka begani.

"Mwalimu, Mama Pasi ameniagiza nilete joho lako."

"Limetoka vizuri?"

"Vizuri sana. Nikafikiri, kwa kuwa kamera ipo na jua lipo, lipigwe picha ya kumbukumbu kabla halijavaliwa. Karibu kabisa, lijae kwenye picha."

Penye mapenzi hapana maswali. Mkuu alilainika. "Wazo zuri. Mkwe, lipige."

"Iache kwenye otomatiki, kaka," Wakili alisema kwa heshima kuu. "Sisi wengine mkono hautufai."

Karanga alilishika joho kwa juu, kamera ikalia. Kisha Wakili akamwomba ashike shuka palepale, kwa jua lilelile. "Na hili, ili Mama Pasi aone kazi yake." Kamera ikalia tena. Bwana Otomatiki alikuwa anafurahia. Ilikuwa ni mara ya kwanza wiki ile kupiga vitu visivyojibu.

"Mwalimu," Wakili alisema, "naomba uziangalie kwenye skrini hizo mbili, utuambie lipi ni joho."

Mkuu alivaa miwani. Akaangalia ya kwanza. Akaangalia ya pili. Akarudi ya kwanza. Zote mbili zilikuwa kitambaa chenye mikunjo, na zote mbili zilikuwa na rangi moja: rangi ya jivu la jikoni.

"Hili ndilo joho," alisema, akigusa moja.

"Hapana, Mama," alisema Bwana Otomatiki kwa sauti ndogo. "Hilo ni shuka."

Karanga alificha uso nyuma ya shuka.

"Joho langu ni la KIJIVU?" Mkuu alivua miwani. "Nimelivaa miaka kumi na tisa. Ni jeusi! Jeusi ti! Mkwe, umelifanya nini joho langu?"

"Mama, si mimi, ni otomatiki..."

"Linaonekana kama tambara la kufutia meza!"

"Labda joho lina tatizo, Mwalimu," alisema Wakili. "Labda linatapika mwanga. Tulipake masizi? Na shuka hili jeupe pe, limetoka kijivu. Nalo tulipake poda?"

"Acha upuuzi! Joho halina tatizo lolote, shuka halina tatizo lolote, tatizo ni..."

Mkuu wa shule alisita. Alikuwa mwalimu wa muda mrefu, na mwalimu wa muda mrefu huliona jibu linakuja hata kama halipendi. Aliligeukia kopo la poda, kisha msichana aliyepakwa, kisha, kwa uchungu unaoonekana, ukuta wake.

"Kamera inageuza kila kitu kuwa jivu," Wakili alisema. Utani ulikuwa umeisha. "Inauona ukuta, inaupunguza, na sisi tunapungua nao. Siku ya pili akapeleka gurudumu kumi na sita akidhani anaongeza. Ile ni namba ya kugawia, kaka. Ulinigawia kwa kumi na sita, ukanipa robo ya mwanga wa nane, halafu ukaniambia mimi ni mweusi mno. Mbele ya watu. Ukanipa na pole!"

Bwana Otomatiki alikuwa analitazama gurudumu lake kama mtu aliyegundua kwamba mbwa wake anaongea.

"Sasa... niende wapi?" aliuliza hatimaye.

"Toa otomatiki, weka mkono. Rudi nane. Kisha fungua mpaka nne. Stopu mbili, mara nne. Muda usiuguse."

Msichana wa kwanza alikuwa ameshakimbilia bombani kuosha uso, na poda ikateremka kwenye mfereji kama maziwa yaliyomwagika. Wakili alisimama mbele ya ukuta.

"Tabasamu kidogo," alisema Mkuu, kwa sauti ya mtu anayetaka mambo yaishe.

"Nimekasirika, Mwalimu."

"Kwa nini tena? Si mambo yamekwisha?"

"Mpaka sasa hakuna aliyesema samahani."

Mkuu aliangalia ukuta. Bwana Otomatiki aliangalia kamera. Na kwa kuwa kidole chake kilikuwa kimeshaegemea kitufe, kamera ikalia.

Fomu ziliondoka Ijumaa saa mbili, picha mia na nne, nyuso mia na nne. Katika sita za mwisho ukuta ulikuwa umepauka mpaka rangi mpya haionekani kabisa, na Mkuu peke yake ndiye aliyeuombolezea. Wakili alimpelekea Mama Pasi nakala ya yake. Mama Pasi aliikagua dirishani: kovu dogo la juu ya nyusi, kope moja moja, mashavu meusi yanayong'aa, macho yanayotaka kumshitaki mtu.

"Imeanikwa sawasawa," alisema. Kisha akaikunjia uso. "Ila hii kola nani kaipiga pasi?"

Siku ya mtihani, msimamizi mgeni alisimama mlangoni akikagua kadi moja moja. Alipofika kwa Wakili aliiangalia kadi, akamwangalia yeye, akairudia kadi.

"Binti, mbona hapa umekasirika hivi?"

"Huyo ni mimi au si mimi?"

"Ni wewe kabisa."

"Basi naomba nipite," alisema Wakili, akaingia kufanya mtihani wake.